Wisbech, mji mdogo wa soko Uingereza: historia yake na masimulizi ya wazee ninaowahudumia

BintiMkunazini (mleta mada)

Wadau, salaam. Mie ni mzaliwa wa Unguja, nimekulia Mkunazini, na huu ni mwaka wa nne nakaa Wisbech, mji wa soko mashariki mwa Uingereza. Wenyewe wanautamka "Wizbichi". Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, na wazee hao ndio walionifundisha mji. Watu wa nyumbani wakisikia Uingereza wanawaza London, Birmingham, Leicester. Mji kama huu sijaona anayeuandikia kwa Kiswahili, na mambo niliyoyakuta hapa yananigusa kuliko nilivyodhani siku niliposhuka kwenye basi na begi langu.

Eneo lote hili linaitwa Fens. Ni bara tambarare, hakuna kilima, ukisimama shambani unaona mnara wa kanisa la kijiji cha tatu. Zamani lilikuwa kinamasi. Karne ya 17 aliletwa mhandisi wa Kiholanzi, Cornelius Vermuyden, wakachimba mifereji mirefu iliyonyooka kama uzi ili kukausha ardhi. Mpaka leo sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari na maji yanatolewa kwa pampu.

Mto Nene unapita katikati ya mji, na maji yake yanajaa na kupwa. Wiki ya kwanza niliukuta umekupwa. Tope linang'aa, ngazi za chuma zinaning'inia ukutani hazigusi kitu, ndege wanachokonoa chini. Nilisimama darajani nikanusa, nikasikia Malindi ya Unguja, forodhani pale asubuhi. Bahari iko zaidi ya maili kumi, lakini harufu ilinifikia. Zamani ilikuwa karibu zaidi. Tope na mchanga vya mito ndivyo vilivyoisukuma, na meli bado zinapanda mto kuleta mbao.

Soko lina historia ndani ya majina. Kuna Old Market upande mmoja wa mto na Market Place upande wa pili. Pana mahali panaitwa Horsefair, siku hizi ni maduka, jina limebaki la farasi. Machi kuna maonyesho yanayoitwa Mart, na Septemba yanakuja ya Statute. Haya ya Septemba leo ni mabembea na pipi, lakini asili ya maonyesho ya aina hii ni soko la kazi. Vijana wa mashamba walisimama uwanjani na alama ya kazi zao, mchungaji na kishungi cha sufu, mwendesha mkokoteni na kipande cha kamba ya mjeledi. Mkulima akipatana na kijana anampa sarafu ya arubuni, na hapo kijana amefungwa mwaka mzima.

Sasa niseme kilichonifanya nifungue uzi. Karibu na daraja pana mnara mrefu wa mawe, umechongoka, ndani yake amesimama mtu wa sanamu. Nilipita chini yake kila siku miezi sita nikidhani ni mfalme au jemadari. Siku moja mvua ilinikuta pale, nikajibanza, nikaona ubavuni pamechongwa mtu mweusi amepiga goti, mikono imefungwa minyororo.

Mtu wa juu anaitwa Thomas Clarkson. Alizaliwa hapa Wisbech tarehe 28 Machi 1760, baba yake akiwa kasisi na mwalimu mkuu wa shule ya mji. Mwaka 1785 akiwa mwanafunzi Cambridge alishindana kuandika insha kwa Kilatini, swali likiwa: ni halali kuwatia watu utumwani bila ridhaa yao? Alishinda. Wenzake wakishinda mashindano kama hayo walikuwa wanaendelea na maisha. Yeye akiwa njiani kwenda London, karibu na kijiji cha Wadesmill, alishuka kwenye farasi akakaa kando ya barabara. Aliyoyaandika yalikuwa yamemkaa rohoni. Aliona kwamba kama ni kweli, basi lazima apatikane mtu wa kuyafikisha mwisho. Tarehe 22 Mei 1787 walikaa watu 12 London wakaunda kamati ya kupinga biashara ya watumwa, na kazi ya kutafuta ushahidi akapewa yeye.

Kwenye makumbusho ya mji, jirani na kanisa la St Peter, lipo sanduku lake. Nitalieleza nikirudi kazini, zamu yangu inaanza saa moja.

---

Roli_la_Chalinze

Dada, umenikumbusha mbali. Mimi ni dereva, napita barabara ya A47 mara mbili kwa wiki, napakia viazi na vitunguu huko Fens. Hiyo tambarare ukiwa usiku peke yako inatisha, barabara inapita juu, mashamba yako chini pande zote mbili, na mfereji hauna ukingo.

Niongeze moja. Ukitoka Wisbech kwenda upande wa Peterborough kuna sehemu inaitwa Holme Fen. Miaka ya mwanzo ya 1850 walipokausha ziwa la pale walizamisha nguzo ya chuma kwenye udongo wa mboji, kichwa chake kikawa sawasawa na ardhi. Leo nguzo hiyo imejitokeza juu kama mita 4. Nguzo haikupanda, ardhi ndiyo iliyoshuka, kwa sababu mboji ikikauka inasinyaa na kupeperuka. Nilienda kuiona na mwanangu, nikamsimamisha chini yake, mkono wake ulioinuliwa haukufika hata nusu.

Swali langu: hayo mashamba ya stroberi na matufaha ya Wisbech, nani alikuwa anachuma kabla yetu sisi wageni?

---

BintiMkunazini

Kaka wa Chalinze, swali lako nimempelekea bibi mmoja ninayemhudumia. Ana miaka 89, kazaliwa kijiji cha jirani, na mambo ya mashamba ukimgusia hanyamazi.

Anasema kabla ya Wapolandi, Walithuania na Walatvia kuja baada ya 2004, wachumaji walikuwa watu wa London, familia maskini za upande wa mashariki ya jiji. Kila Juni walikuja mama, bibi na watoto, na masanduku yao ya bati na vyombo vya kupikia. Walilala kwenye mabanda shambani, wakipikia nje. Kwao ilikuwa kazi na mapumziko kwa pamoja, maana mtoto wa London alikuwa hajaona uwanja wazi. Wenyeji wengine waliwaita wezi na kuwafungia milango. Bibi anasema maneno anayoyasikia leo sokoni juu ya Walithuania ndiyo yale yale aliyoyasikia utotoni juu ya watu wa London, neno kwa neno.

Akanionyesha namna ya kuchuma. Alichukua stroberi moja kwenye bakuli, akaikamata kikonyo kwa kucha ya kidole gumba na cha shahada. "Tunda huligusi," akasema. Unakata kikonyo kwa kucha, unalaza kikapuni. Ukilishika tumboni, hadi lifike London limeoza pale pale kilipokaa kidole. Vidole vyake siku hizi havinyooki, lakini kwa ile stroberi vilitulia. Kazi ilianza alfajiri, jua halijalipata tunda, na watoto wa kijiji walichuma kwanza ndipo waende shule. Vikapu vilikuwa vya vipande vyembamba vya mbao vilivyosukwa.

Mizigo ilibebwa na tramu ya Upwell. Ilifunguliwa 1883 kutoka Wisbech hadi Outwell, mwaka uliofuata ikafika Upwell. Injini zake zilifunikwa ubavuni kwa mabati mpaka chini, magurudumu hayaonekani, kwa kuwa ilipita kandokando ya barabara kati ya farasi na watu. Abiria waliacha kupanda mwisho wa 1927, bibi hakuwahi hilo. Ya mizigo anaikumbuka vizuri, iliendelea hadi Mei 1966. Msimu wa matunda, anasema, ulikuwa unaisikia harufu ya stroberi kabla hujaisikia kengele.

Na kulikuwa na mfereji wa mashua kutoka mtoni kwenda Outwell, ulifungwa 1926, ukaachwa ukawa jalala, hatimaye ukafukiwa. Juu yake leo ni barabara kubwa ya mji. Kila nikivuka pale na taa nyekundu nakumbuka kwamba chini yangu kulikuwa na maji.

---

Mwalimu wa Zamu

Dada, uzi mzuri, na nakupongeza kwa kuwasikiliza wazee. Nafundisha historia sekondari, kwa hiyo niruhusu nikae na Clarkson kidogo, maana hapa wanafunzi wangu huchanganya sana.

Sheria ya Uingereza ya kupiga marufuku biashara ya watumwa ilipita 1807. Sheria ya kufuta utumwa wenyewe kwenye makoloni yao ilipita 1833, ikaanza kazi 1834. Serikali ikatenga pauni milioni 20 za fidia, zikaenda kwa wamiliki. Waliotumikishwa hawakupata kitu. Lazima hili lisemwe kila linapotajwa jina la mpiganaji yeyote wa Kiingereza.

Pili, pwani yetu ilikuwa na kalenda yake. Wakati Atlantiki inabanwa, biashara ya Zanzibar ilikuwa inakua. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalihitaji mikono. Kulikuwa na mkataba wa 1822 wa kuibana biashara hiyo ya watumwa, ukaja wa 1845, na majahazi yakaendelea. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa kwa mkataba aliosaini Sayyid Barghash tarehe 5 Juni 1873. Clarkson alifariki 1846. Kwa hiyo wakati anazikwa, soko la mtaani kwenu lilikuwa bado linauza watu, na lingeendelea kwa miaka 27 mingine. Hata hapo hali ya utumwa kisheria Zanzibar ilifutwa 1897, pwani ya Kenya 1907, na Tanganyika 1922.

Sisemi haya kumpunguza. Alizeeka na kazi hiyo. Juni 1840, akiwa na miaka 80, ndiye aliyefungua mkutano wa dunia wa kupinga utumwa jijini London. Nataka tu tarehe zikae mahali pake.

---

Kengeleni Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Mwalimu amenena sawa, na mimi naongeza la kwetu.

Wengi wanachanganya Freetown na Freretown, na mimi nilichanganya mpaka nikiwa mtu mzima. Tofauti ni herufi moja. Freetown ni ile ya Sierra Leone, na hapo kuna mkono wa nyumba hiyo hiyo ya Wisbech. John Clarkson, mdogo wake Thomas, alikuwa afisa wa jeshi la majini. Mwaka 1792 aliongoza meli 15 kutoka Nova Scotia zikiwa na watu weusi karibu 1,200, waliokuwa wamepata uhuru wao kwa kukimbilia upande wa Waingereza wakati wa vita vya Marekani, wakavuka kwenda kuanzisha Freetown.

Freretown ni yetu. Imepewa jina la Sir Bartle Frere, yule aliyetumwa Zanzibar 1873 kwa ajili ya mkataba. Wamisheni wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, walianzisha makazi hayo ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa mwaka 1875, wakaletwa watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Miongoni mwa waliowapokea walikuwa Waafrika waliolelewa Bombay, wao pia wameokolewa baharini wakiwa watoto. Kengele yao bado ipo, na ndiyo iliyotupa jina la Kengeleni. Matatu zinasimama pale, makanga wanaita "Kengeleni! Kengeleni!" toka alfajiri. Nimeshuka stendi hiyo tangu darasa la kwanza. Marehemu nyanya yangu ndiye aliyenikalisha chini akaniambia kengele ile ililia kwa ajili gani.

Dada, tusimulie sanduku.

---

BintiMkunazini

Mwalimu, ahsante, umenipa tarehe ya kumwambia mama yangu. Kaka wa Kengeleni, hilo la John sikulijua.

Sanduku ni la mbao, si kubwa sana, limegawanywa vyumba vyumba ndani. Kabla ya kuliona nilidhani nitakuta minyororo. Minyororo na pingu alizinunua kweli, dukani Liverpool, zikiuzwa wazi dirishani, pamoja na kibano cha vidole gumba na chombo cha chuma cha kumpanulia kinywa mtu aliyegoma kula. Alizionyesha kila alikokwenda. Lakini sanduku lilibeba kitu kingine: bidhaa za Afrika. Mbao za aina aina, pamba, pilipili, vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, kazi za ngozi. Alianza kukusanya baada ya kupanda meli iliyoitwa Lively, iliyokuwa imetoka Afrika bila kubeba mtu hata mmoja. Shehena yake ilikuwa pembe za ndovu, nta, mawese na pilipili. Akanunua sampuli. Kila alipokutana na wakubwa alifungua sanduku akawaambia kwa vitendo kwamba huko kuna watu wanaofuma, wanaolima, wanaochonga. Fanyeni biashara nao ya hivi.

Nilisimama mbele ya kile kitambaa muda mrefu. Mistari yake bado inaonekana. Kuna mtu alikaa akakifuma, uzi baada ya uzi, zaidi ya miaka 200 iliyopita, na mkono wake ukawa ushahidi mbele ya wakubwa wa London. Jina lake halimo kwenye kibao. Jina la Clarkson limo. Hilo lilinikaa kooni, na nikalisema kwa mhudumu wa makumbusho, naye akaafiki kwa upole.

Mnara wa pale darajani ulichorwa na George Gilbert Scott ukazinduliwa Novemba 1881. Nimepiga hesabu: miaka minane tu baada ya soko la mtaani kwetu kufungwa.

---

Mpemba wa Cambridge

Kama mnatafuta jina la Mwafrika kwenye ardhi hiyo hiyo ya Fens, lipo. Olaudah Equiano, aliyetumikishwa, akajinunua, akasimulia maisha yake kwa maandishi yake mwenyewe mwaka 1789. Alifunga ndoa na Susannah Cullen tarehe 7 Aprili 1792 katika kanisa la Soham, mji mdogo kusini ya hapo Wisbech, ng'ambo ya Ely. Binti yao Anna Maria alifariki 1797 akiwa na miaka minne, na kibao chake kipo ukutani mwa kanisa la Chesterton hapa Cambridge, kina shairi refu. Mimi hupita pale kwa baiskeli. Nikipata nafasi hushuka nikamwombea.

Na mtu mwingine kwa sisi tuandikao Kiswahili. Edward Steere kabla ya kuja Unguja alikuwa kasisi wa kijiji cha Little Steeping, Lincolnshire, ukingoni mwa Fens upande wa kaskazini. Mwenzake Tozer alikuwa kasisi wa Burgh le Marsh, karibu na hapo. Walifika Zanzibar 1864. Steere akakaa na watu wa Unguja akaandika hadithi walizomsimulia, zikachapwa 1870. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi 1873, kwenye uwanja wa soko lile lile. Alifariki 1882 akazikwa ndani yake. Kwa hiyo, dada, mtu wa Fens amelala mtaani kwenu.

---

BintiMkunazini

Mpemba, nimesoma ujumbe wako kwenye basi nikapitiliza kituo. Kanisa lile tulicheza rede nyuma yake miaka yote ya utoto, na jina la Steere tulikuwa tukilisikia bila kujua katoka wapi.

Kabla sijasahau, Chalinze aliniuliza faragha kama mji ulishawahi kufurika. Naam. Usiku wa 31 Januari 1953 bahari ilivunja kingo za mwambao wote wa mashariki, wakafa watu 307 Uingereza. Bibi anasema Wisbech yenyewe iliyoumia ni ya 11 Januari 1978. Kwa sisi watu wa pwani haihitaji maelezo mengi: ilikuwa bamvua, upepo wa kaskazini ukasukuma maji kwenye hori la Wash, mto ukakosa pa kwenda. Alikuwa mama wa watoto watatu. Walipandisha godoro, redio na mkate ghorofani, wakakaa ngazini na tochi wakihesabu vidato vinavyozama. Maji yalifika cha nne. Kuta unazoziona leo kando ya mto zimejengwa baada ya hapo.

Hori hilo la Wash ndilo lililomeza pia msafara wa mizigo ya Mfalme John Oktoba 1216, na watu mpaka leo wanatafuta hazina yake. Bibi hana habari na hazina. Yeye anahesabu vidato.

Jana nikamuuliza kuhusu mnara. Akasema walipokuwa wasichana waliahidiana "tukutane kwa Clarkson", walikaa kwenye ngazi zake wakila chipsi, na mtu mweusi aliyepiga goti alikuwa hapo nyuma ya migongo yao. Hakuna mwalimu aliyewaeleza. Alijua akiwa mtu mzima. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya Mkunazini, kanisa na vile vyumba vya chini wanavyoonyeshwa wageni kuwa ndimo walimofungiwa watumwa. Aliishika simu kwa mikono miwili, kimya. Kisha akaniuliza kwetu panaota nini.

Nikamwambia karafuu.

Akanituma jikoni, kabati la juu, mkono wa kushoto. Nikakuta chupa ndogo ya karafuu. Akasema matufaha ya Bramley, yale makubwa machachu ya hapa, pai yake haiwi pai bila karafuu tatu, mama yake alitia tatu, na bibi yake vilevile. Aliwahi kujiuliza zinatoka wapi akadhani ni India. Nikamimina chache kiganjani, nikaivunja moja kwa ukucha. Zilikuwa zimezeeka, mafuta yameisha, harufu ya mbali mbali tu.

Mama yangu ananitumia robo kilo kutoka Unguja, kuna mtu anasafiri wiki ijayo. Bibi kashasema matufaha atatoa yeye.